Nilimshindisha Mama Kwenye Mchezo wa Mashamba

Mpendwa Mama Ernestine, mshauri wetu wa redio,

Naomba msaada wako, na kabla ya kuomba nataka kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si dada yangu, si rafiki ninayekaa naye benchi moja masomoni, pale shuleni: mara kumi na moja mfululizo mama yangu amewashinda wamama wenzake kwenye mchezo, na mara zote kumi na moja ni mimi niliyemshindisha kwa vidole vyangu, yeye bila kujua. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne kwenye kaye, daftari langu, na kuichana. Hii ni ya tano, na nashangaa kwamba nikiiona imekaa pale kwenye karatasi napumua vizuri kidogo kuliko jana.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko mwaka wa nne wa sekondari hapa Kasongo, na si mtu wa maneno mengi. Darasani jibu ninalijua lakini mkono haupandi. Napenda kusoma, na katika kabati la vitabu la masomo yetu kuna magazeti ya zamani ya Kifaransa, na mwaka jana nilikuta ndani ya moja ukurasa unaoeleza mchezo wa mezani ambamo watu wanalima, wanabadilishana mazao na kujenga vitu, mpaka mmoja wao anakuwa na uchumi mkubwa kuliko wengine. Nusu ya ukurasa ilikuwa imechanwa na sheria zilikwenda na nusu hiyo, basi nikatunga sheria zangu mwenyewe, za huku kwetu.

Nilikunjua katoni ya sabuni, nikachora Lualaba upande mmoja, Nyangwe juu kwenye ukingo wake, soko la Kasongo katikati, na njia nyekundu inayoshuka mpaka Kabambare, na pembeni mwa njia nikaweka mashamba saba. Unaweza kupanda mpunga, karanga au muhogo, unaweza kupeleka mazao Nyangwe ukabadilishana kwa samaki, au Kabambare kwa chumvi na mbuzi, na ukiwa na vitu vya kutosha unajenga ghala, kisha kinu cha mawese, kisha mashini ya kukoboa mpunga, kisha nyumba ya mabati. Anayemaliza nyumba ya mabati kwanza ameshinda.

Lakini kitu nilichojivunia zaidi ni likilimba. Wewe unaijua, ila wasikilizaji wa mjini labda hawaijui: mama yangu na wamama wengine sita wanalima pamoja, leo shamba la huyu, wiki ijayo shamba la yule, mpaka wote saba wamelimiwa, na zamu inapangwa kwa kura, kila mama anatia punje ya haragwe ya rangi yake ndani ya kikapu kimoja na mtu anatoa moja moja bila kutazama. Kwenye mchezo nimefanya hivyo hivyo. Na kwa kuwa mvua haimngoji mtu, nimeweka sheria kwamba mpunga uliopandwa katika zamu tatu za kwanza unajaza ghala, uliopandwa zamu ya nne au ya tano unatoa nusu, na uliopandwa zamu ya sita au ya saba unatoa makapi matupu. Karanga zinavumilia kuchelewa kidogo, muhogo hauna shida na mtu.

Sasa nije kwa mama yangu. Baba yangu ana nyumba nyingine Kabambare na tangu mwaka juzi anakaa kule zaidi kuliko kwetu, simlaumu, ila mama alinyamaza tangu wakati ule, alikuwa akienda kwenye mikutano ya likilimba na kurudi bila kutoa neno. Wamama walipoona mchezo wangu kwenye baraza yetu wakaomba kuucheza, na mara ya kwanza mama alitoka wa mwisho kabisa, na Mama Régina, ambaye anapenda sana mzaha na anasikika mpaka ng'ambo ya barabara, akamwambia: "Nuru, weye unalimaka tu, haujengake? Utalala mu katoni?" Wote wakacheka, na mama akacheka pia, lakini mimi namjua mama yangu, ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nashika kikapu, kwa sababu sichezi, na kwa sababu kila mtu anasema huyu mtoto ni mtulivu na mkweli. Siku ya pili, kabla hawajafika, nilichukua punje ya mama nikaisugua kwenye jiwe la kisima mpaka upande mmoja ukawa bapa. Haionekani, lakini kidole kinaijua. Niliitoa ya kwanza. Mama akapanda mpunga shamba zima, ukajaza ghala, akapanda tena, ukajaza tena, na alasiri ile alijenga nyumba ya mabati wakati Mama Régina bado anatafuta kinu, na mama alicheka nikaona mpaka pengo la jino lake la nyuma lililong'oka. Nilikuwa sijaliona pengo lile tangu mwaka juzi. Mama Ernestine, baada ya kuliona ningeachaje?

Basi niliendelea. Wengine walijaribu mpunga kama yeye, lakini wao zamu yao ilikuja nyuma, wakapata makapi, na badala ya kutazama zamu wakasema Nuru ana mayele, ana akili ya ujanja. Elsa, ambaye ndiye mdogo wao, ana mtoto wa miezi minne na shamba lake liko mbali, alijaribu mara mbili, akatikisa kichwa akasema, "Mimi akili ya biashara Mungu hakunipa." Na mimi nilikuwa nimekaa pale na kikapu mapajani.

Kama ingeishia hapo ningekuwa mwongo mdogo tu. Lakini Jumapili iliyopita walikaa kupanga kilimo cha mvua hizi. Kuna mfanyabiashara wa Nyangwe, Mzee Kamaldine, anayetaka mbegu za karanga, na yuko tayari kutoa mbegu za mpunga, gunia kwa gunia. Kila mwaka wamama wanapanda vyote, mpunga kidogo, karanga, muhogo pembeni. Mwaka huu mama alisimama, mama yangu ambaye alikuwa hasemi, akasema kwa sauti:

"Tumupe karanga yote. Tupande mupunga, mashamba yote saba."

"Yote?" Mama Régina akauliza. "Na mvua ikikatika?"

"Mara kumi na moja, Régina. Weye ulikuwa pale na macho yako mbili. Ilikatika?"

"Ile ni katoni, mama."

"Katoni inafuata shamba. Mutoto alichora vile tunalimaka."

Mama Régina akainua mikono. "Sawa. Mvua inakuheshimu weye, itatuheshimu na sisi."

Elsa akasema, "Mimi nitafuata Mama Nuru. Nikifuata kichwa yangu ninapataka makapi." Wakamchagua mama awe kiongozi wa likilimba mwaka huu, na wakaniambia mimi nitoe kura ya kweli, ile ya mashamba yenyewe, Jumapili inayokuja, kwa sababu, walisema, mkono wangu uko na baraka.

Sasa mbegu za karanga za nyumba saba ziko ndani ya chumba chetu, magunia yamesimama karibu na kitanda changu, na Jumamosi watu wa Mzee Kamaldine watakuja na baiskeli kuzichukua mpaka mtoni. Zikiondoka hazirudi. Wamama watakaotoka wa sita na wa saba watapanda mpunga umechelewa, na hawatakuwa na karanga wala muhogo wa kuwashika, na watoto wao watakula nini mwezi wa pili? Mpunga haushindi, Mama Ernestine, kinachoshinda ni zamu ya kwanza, na mtu anayejua hilo katika Kasongo nzima ni mimi peke yangu.

Nikisema, mama ataaibika mbele ya Mama Régina na atarudi kwenye kunyamaza kwake, na sababu itakuwa mimi. Nimefikiri pia kunyamaza na kumtoa Elsa wa kwanza kwa kura ya kweli, ili angalau yeye apone. Unaona nilipofika. Nimefikiri hata kuichoma katoni moto. Nifanye nini? Jina langu na la masomo yangu nimeyaandika kwenye bahasha; usiyasome hewani.

Mimi, mshika kikapu

*

Majibu ya Mama Ernestine

Binti yangu,

Barua yako imenifikia Jumatano na sitaisoma hewani wiki hii. Jina lako ningelificha, lakini katoni ya sabuni yenye Lualaba juu yake ningeificha wapi? Mtaa mzima ungekuwa mlangoni kwenu kabla sijamaliza. Kwa hiyo nakujibu kwa karatasi, na karatasi hii nimempa katibu wa masomo yenu imefungwa. Soma ukiwa umekaa.

Nianze na pole. Ulimwona mama yako amezimika ukataka kumwasha, na ulitumia kitu pekee ulichokuwa nacho mkononi. Sitakucheka kwa hilo. Mimi pia nimekuwa na mama.

Ila sasa nisikilize vizuri. Ulichompa mama yako hakikuwa ushindi. Ulimfanya aviamini vidole vyako akidhani anaamini akili yake, na sasa anatembea mbele ya wanawake sita akiwa amefungwa macho, na kitambaa umemfunga wewe. Isitoshe, ulimnyima kitu. Mara kumi na moja angeweza kutoka wa nne, wa sita, wa mwisho, akajifunza kucheza kutokea pale, akashinda mara mbili kwa nguvu zake. Ulijuaje kwamba hawezi? Ulimhukumu mama yako kuwa mtu wa kusaidiwa, binti yangu, na hilo linanikera kuliko ile punje.

Na ile fikra ya kumtoa Elsa wa kwanza kwa kura ya kweli, iondoe kichwani leo hii. Mwenye kuiba kwa huruma ameiba. Ukimwokoa Elsa kwa vidole unamchagua mwingine wa kulala njaa, na nani kakupa kazi ya kuchagua? Usitie tena mkono ndani ya kikapu kile. Wakikuomba, kataa.

Pia usijipe ukubwa ambao si wako. Unaandika kana kwamba katoni yako imewapumbaza wanawake saba. Wamelima kabla hujazaliwa. Waliutamani mpunga wa Kamaldine hata kabla ya mchezo wako, kwa sababu mpunga una soko na karanga zinachosha kiuno. Wewe uliwapa sababu ya kufuata tamaa yao. Hiyo ni hatia, lakini ni hatia ya ukubwa wa mtoto wa miaka kumi na sita, na inabebeka. Ibebe mpaka kwa mama yako.

Fanya hivi. Leo, si kesho, wakati mko wawili jikoni, mwambie. Usianze na kulia, maana ukilia ataanza kukubembeleza na neno litapotea. Sema idadi, sema namna ulivyofanya, mwonyeshe punje. Halafu nyamaza. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake, usimjazie maneno. Kisha mwambie juu ya zamu na mpunga, maana hilo ndilo lenye haraka. Baada ya hapo mambo ya likilimba ni yake, yeye ndiye kiongozi, usimpangie tena. Lakini akikutaka useme mbele ya wenzake, utasema, hata sauti ikitetemeka. Magunia yasitoke ndani ya chumba kile kabla wamama wote saba hawajajua unachojua.

Na katoni usiichome. Ulichora mvua inavyowatendea watu wa zamu ya mwisho, ukaichora sawasawa kuliko wakubwa wengi wanaopita hapa na magari yao. Kosa halikuwa kwenye mchezo. Tupa ile punje.

Nitakuwa nikikuwaza mpaka Jumamosi. Usininyime habari.

Mama Ernestine

*

Mpendwa Mama Ernestine,

Leo ni Jumatatu jioni na nimepumzika. Sasa unaweza kusoma yote hewani, barua zote, mama amekubali, na jina langu ni Djamila.

Nilipata karatasi yako Alhamisi saa nne, nikaisoma nyuma ya choo cha masomo kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuwa peke yako. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, sikulia, na nikaweka punje juu ya kigoda. Mama aliisimamisha kati ya vidole viwili, akaigeuza.

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zote?"

"Zote, mama."

Akaendelea kutwanga. Alitwanga mpaka sombe ikawa laini kama maji na bado anatwanga. Nilikuwa nimekumbuka uliyoniambia nikafunga mdomo, lakini, Mama Ernestine, ilikuwa ni kazi ngumu kuliko kusema. Mwishowe akaweka mchi chini.

"Kwa hiyo mimi niko mujinga wa Régina."

"Hapana, mama. Mjinga ni mimi."

"Nyamaza. Sijamaliza kukasirika." Akafuta mikono. "Na mpunga? Wa mwisho anapata nini?"

"Makapi."

"Makapi," akarudia. Akatazama mlango wa chumba yalimo magunia. "Elsa amefungua mpaka gunia ya akiba yake, alituletea yote." Kisha akasema niweke maji motoni, na usiku ule aliponipa sahani yangu alinipa kichwa cha samaki, na kichwa cha samaki hapewi mtu anayechukiwa.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri aliwaita wote kwenye baraza, Waislamu na Wakristo, na akaniambia niseme mimi. Nilisimama. Walikuwa wanawake sita ninaowajua tangu nizaliwe, na sauti haikutoka, Mama Ernestine, ilikataa kabisa, nilifungua mdomo kama samaki. Mama alikuwa nyuma yangu.

"Kama hauwezi kusema, soma," akasema. "Kusoma unajuaka."

Nakala ya barua yangu kwako ilikuwa kwenye kaye. Basi niliisoma, yote, hata pale pa baba, hata pale pa jino. Nilipofika kwenye jino sikuthubutu kuinua macho. Nilipomaliza, mtu wa kwanza kusema alikuwa Mama Régina, na alisema kwa sauti yake ile ile:

"Njo maana! Mimi nilizani Nuru amepata dawa ku Kabambare! Nimemutuma hata mutoto wangu aulizie bei!"

Wakacheka mpaka mtoto wa Elsa akaamka akaanza kulia. Mama pia alicheka, na safari hii hakuwa anafungua mdomo tu. Lakini Elsa hakucheka. Alikuwa ananitazama. Akasema polepole, "Djamila, mimi nilijiita mujinga mbele yako mara mbili. Na weye ulikaa." Nilimwomba msamaha na akasema atafikiri, na nadhani bado anafikiri, na nimeona hilo ni haki yake kama ulivyosema juu ya mama.

Kisha mama akasema tucheze sasa hivi, kikapu kikae kwa Régina, punje mpya, nami nikae mbali. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Mama alitoka wa sita. Alitazama katoni muda mrefu sana, wakaanza kumtania, "Nuru, lete ile mpunga yako basi!" Alipanda karanga, akatia muhogo ukingoni, na badala ya kungoja alikwenda kulima kwa Mama Régina aliyekuwa wa kwanza, akadai sehemu ya mpunga wake kama malipo, kitu ambacho mimi sikuwahi kukiwaza na sheria zangu hazikikatazi. Alimaliza wa pili. Elsa alitoka wa saba, na kwa makusudi akapanda mpunga shamba zima, akapata makapi, akayaweka kwenye kiganja akawaonyesha wote.

"Angalieni. Mwezi wa pili mimi na mutoto tunakula hii."

Hapo hakuna aliyecheka. Waliongea mpaka jua likaegemea. Walikubaliana kwamba watakaotoka wa kwanza, wa pili na wa tatu ndio tu watakaompa Mzee Kamaldine karanga zao na kupanda mpunga, na wakivuna watawapa wale wanne wa nyuma kikapu kimoja kimoja, kwa kuwa wale ndio waliowalimia mapema. Mama alisema yeye anaacha uongozi, apewe mtu mwingine. Mama Régina akamkatisha: "Kaa. Mimi sauti niko nayo, lakini ile ya kwenda kulima kwa mwenzako na kudai mpunga, mimi singeiona hata kesho. Kaa, mama, tusichelewe kupika." Mama akakaa.

Kwa kuwa watu wa Mzee Kamaldine walikuwa wanafika kesho yake, kura ya kweli waliileta Ijumaa ile ile badala ya Jumapili. Walimwomba mama mmoja mpita njia aliyekuwa anatoka sokoni na beseni la mawese kichwani, mgeni kabisa, atoe punje. Alitushangaa lakini alitoa. Mama Régina alikuwa wa pili. Mama alitoka wa tano. Elsa alitoka wa sita, na aliposikia alisema tu, "Sawa, karanga." Jumamosi watu wa Kamaldine walibeba magunia matatu na si saba, wakanung'unika kidogo juu ya safari ya bure, mama akawapa chakula, wakaondoka.

Magunia manne yalibaki karibu na kitanda changu. Leo alfajiri nilimwambia mama kwamba nitayarudisha mimi. Moja lilikuwa letu, nikalisogeza tu ukutani. Mawili niliyapeleka kwa kusukuma baiskeli ya jirani, mtaa wa soko na mtaa wa msikiti wa juu. La mwisho lilikuwa la Elsa. Alikuwa anafagia. Alilifungua mbele yangu, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota karanga, akazitazama, akalifunga tena. Alisema, "Asante kwa kuleta." Nikamwambia kwamba siku ya zamu yake nitakuja kupanda naye, kwa jembe langu, na sitaki kitu. Akasema shamba liko mbali. Nikasema najua.

Nilifika masomoni saa ya kwanza imekwisha. Prefe, mkuu wa masomo yetu, alikuwa kwenye mlango wa darasa na aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nilimweleza, kuanzia kikapu mpaka gunia la Elsa, darasa zima likisikiliza, kisha nikaenda kukaa kwenye benchi langu na kufungua kaye.

Djamila